Kipindupindu ni cha wizara gani?

Jamani, hebu nisaidieni. Kipindupindu ni ugonjwa wa wizara gani?

Nauliza kwa sababu kila kikizuka natumwa kuandika habari ile ile. Ofisa wa afya anasoma idadi ya wagonjwa na marehemu, kisha anatuhimiza tuchemshe maji na kunawa mikono. Ukimwuliza mbona bomba ni kavu, "hilo kawaulize watu wa maji." Watu wa maji wanasema wananchi wamejenga holela, nenda ardhi. Ardhi wanakurudisha halmashauri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

Sasa nenda Manzese au Tandale. Nyumba zimebanana, gari la majitaka halina pa kupita. Mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo, kinyesi kinatiririka mitaroni na kuingia visimani. Hapo pana suala la ardhi, barabara, maji na serikali za mitaa. Daktari hajaitwa bado. Ataitwa mwisho, na dripu zitahesabiwa kwenye fungu la Wizara ya Afya. Hata bwana afya wa kata, anayepaswa kukagua vyoo hivyo, mwajiri wake ni halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI.

Mlipuko ulioanza Dar Agosti 2015 uliwapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru mwaka ule, akaagiza Desemba 9 iwe siku ya usafi. Tukafagia. Lakini ufagio hautandazi bomba. Mwaka 2016 tukaendelea kuzika.

Wala isisemwe kuwa hatukujua. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitamka wazi kwamba afya ya msingi inahitaji kilimo, elimu, nyumba na ujenzi vifanye kazi pamoja na sekta ya afya.

Sitaki kamati nyingine ya kula posho. Nataka kitu kimoja. Bunge la bajeti likikaa Dodoma, kwa kila kata iliyopata kipindupindu, Waziri wa Maji, wa Ardhi na wa TAMISEMI wasimame pamoja na wa Afya. Kila mmoja ataje ameweka shilingi ngapi pale, na kazi itaisha lini. Leo kila mmoja anasoma hotuba yake siku yake, na hakuna anayeulizwa kuhusu Tandale.

Aliyeshindwa kupeleka maji asimwachie daktari aibu yake. Au nyie mnaonaje?