Sindano ya sugu haitashinda kiatu kibaya

SUGU za miguu huchekwa na wasiozijua. Lakini mwulize bawabu anayekesha kwa miguu langoni, au kibarua anayetembea kutoka Kibera hadi Eneo la Viwandani kila asubuhi. Atakuambia kwamba punje hiyo ndogo humfanya mtu mzima achechemee kama aliyekanyaga mwiba.

Siku hizi baadhi ya wagonjwa huniuliza kuhusu sindano inayotia "mto" chini ya wayo. Je, inafaa? Kwa maoni yangu, ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni finyu.

Yafaa kwanza ieleweke sugu hutokana na nini. Ngozi inayosuguliwa au kugandamizwa mahali pamoja kila siku hujikinga kwa kuwa nene. Mfupa unapoibana zaidi, unene huo hufanya kiini kigumu kinachochoma. Chini ya wayo kuna tabaka la mafuta linalopokea uzito wa mwili. Umri unaposonga, tabaka hilo huweza kupungua. Ndiyo sababu sugu ikikatwa hurudi: kilichoondolewa ni ngozi, mgandamizo ungali pale pale.

Sindano hukusudia kurudisha mto huo. Wazo hili si geni. Mtaalamu wa miguu Sol Balkin wa California, Marekani, alianza kutumia silikoni ya maji katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 alichapisha taarifa ya miaka 41 ya kazi hiyo. Wagonjwa wengi walipata nafuu.

Hata hivyo, silikoni ikishaingia mwilini si rahisi kuitoa. Yaweza kuhama, au mwili ukaizingira kwa uvimbe mgumu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuonya umma kuhusu sindano za silikoni za kujaza maumbo ya mwili. Asidi ya hayaluroniki nayo huyeyuka baada ya miezi, na mgonjwa hulazimika kulipa tena. Wengine hutumia mafuta ya mgonjwa mwenyewe, lakini hayo pia huweza kupungua.

Jambo linalonitia hofu ni wagonjwa wa kisukari. Wengi wao hupoteza hisia miguuni, na chini ya sugu huenda kumejificha kidonda. Kumdunga mtu kama huyo katika duka la urembo, bila kupima sukari wala mtiririko wa damu, ni kuuchezea mguu wake. Vilevile asijikate kwa wembe wala kupaka dawa ya asidi ya kulainisha sugu.

Kwa wengine, tuanze na yaliyo rahisi. Tazama kiatu chako: je, vidole vina nafasi? Kiatu cha mtumba kimekwisha kufuata umbo la mguu wa mwingine. Loweka miguu, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta, weka soli laini ndani ya kiatu.

Yote hayo yakishindwa, mwone daktari. Akitaja sindano, uliza: ni dawa gani, hudumu muda gani, na ikileta madhara itatolewaje? Asiyeweza kujibu, usimpe mguu wako.