Mtungi Mbele ya Chupa

Magomvi ya wanywaji yalikuwako tangu kale, na kila zama huleta lake. Katika miji ya Ulaya na Marekani ugomvi wa zama hizi ni baina ya bia mbili. Ya kwanza ni laga ya kawaida, nyepesi, ya baridi, yenye rangi ya dhahabu. Ya pili ni bia mpya za viwanda vidogo, ambazo hutiwa kwa wingi hopsi, yaani maua machungu ya mmea utambaao, mpaka zikanukia kama bustani na kuchacha ulimi kwa uchungu. Wapenzi wa laga hulalamika kuwa kinywaji chao kinasukumwa pembeni, na kwamba mtu aweza kuingia katika nyumba ya vileo akakuta bia kumi za hopsi bila laga moja. Wapenzi wa hopsi hujibu kuwa laga haina ladha, na kwamba ulimi uliokwisha kustaarabika haurudi nyuma.

Ugomvi huu umekwisha kuvuka bahari. Umefika Nairobi, ambako viwanda vidogo vya namna hiyo vimefunguliwa, na mwangwi wake husikika mpaka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hata katika Rusimbi, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hakosekani msafiri aliyerudi kutoka miji mikubwa akauliza kwa masikitiko ni lini bia hizo zitafika, wala hakosekani wa kumjibu kwa ukali kuwa laga ya wazee yatosha. Ujiji ni mji mkongwe wa Kiislamu, na wengi wa watu wake hawaonji kileo chochote; hao wameepukana na shauri hili, na hekima yao haina haja ya kutetewa. Neno lililoko hapa lawahusu wanaokunywa, na hasa wale wanaopenda kusema juu ya wanachokunywa.

Mabishano hayo yana kasoro kubwa. Pande zote mbili zimekubaliana, bila kufikiri, kwamba laga ndiyo kinywaji cha asili na hopsi ndiyo ngeni, kana kwamba kabla ya laga watu wa nchi hii walikata kiu kwa maji ya ziwa tu. Yafaa umri wa laga uhesabiwe. Laga ya rangi ya dhahabu ilipikwa kwanza katika mji wa Plzeň, nchi ya Bohemia, mwaka 1842. Jina lake latokana na neno la Kijerumani la kuweka ghalani, kwa sababu ilihifadhiwa mahali pa baridi mpaka ikakomaa. Kiwanda cha bia cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1922, na cha Dar es Salaam mwaka 1933. Bia ya Safari, ambayo leo huitwa ya wazee, ilitolewa mwaka 1977, na Kilimanjaro mwaka 1996. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Basi kinywaji kilichohitaji gari moshi ili kifike ziwani hakiwezi kuitwa cha mababu, maana mababu walikuwa na sherehe zao, mahari zao na matanga yao kabla ya filimbi ya kwanza kulia stesheni.

Walikunywa nini? Jibu liko juu ya vilima vinavyoutazama mji. Katika nyanda za Waha, kuanzia Buhigwe mpaka Kasulu, migomba ni utajiri wa nyumba, na ndizi zikiiva hazina mwisho mmoja. Nyingine huliwa, nyingine huuzwa, na nyingine huwa pombe. Jirani zao wa Burundi huiita urwarwa. Watu wa Bukoba huiita rubisi. Ufundi wake hauachani sana toka nchi hata nchi. Ndizi huivishwa kwa joto, humenywa, hukandwa pamoja na nyasi katika hori la mti mpaka maji yake matamu yakajitenga na makapi. Kisha huchujwa, huongezwa maji kwa kipimo, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na kufunikwa. Siku moja au mbili huumuka, na kazi imekwisha. Hakuna saa ya ukutani wala kipimajoto katika kazi hiyo. Mpishi hujua kwa pua, kwa sikio linalosikiliza povu, na kwa kidole. Ndiyo maana pombe ya mama huyu haifanani na ya mama yule, na wanywaji huwajua wapishi kwa majina kama wasomaji wanavyowajua washairi.

Sasa na zitazamwe sifa zinazotolewa kwa bia mpya za hopsi. Zasifiwa kwanza kwa kuwa hupikwa katika mapipa madogo na mtu anayejulikana. Zasifiwa pili kwa kuwa kila moja ina ladha yake. Zasifiwa tatu kwa kuwa hupenda mazao ya mahali zinapopikwa. Kila sifa katika hizo ilikuwa ya mtungi kabla ya kuwa ya chupa ya mji mkuu. Hata uchungu, ambao waungwana wa hopsi huuona kama uvumbuzi wao, si mgeni katika Afrika ya Mashariki: Wachaga hutia gome la msesewe katika mbege yao ya ndizi na ulezi, na gome hilo ni chungu la kumkunja mtu uso. Ajabu basi ni ya mtu anayesafiri maili mia nyingi, akalipa fedha nyingi kwa glasi ya kinywaji cha pipa dogo, akakisifu kuwa ni sanaa. Naye alipokuwa kwao alipita mlangoni pa mpishi wa pipa dogo akiziba pua.

Historia ya Wamarekani wenyewe yamhukumu mtu huyo. Kwa miaka mingi baada ya kufutwa kwa marufuku ya vileo mwaka 1933, kupika bia nyumbani kulibaki kosa kwa sheria ya dola yao. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoliondoa kosa hilo, nayo ikaanza kutumika mwaka 1979. Wakati huo viwanda vya bia vya nchi ile kubwa havikufika mia moja. Leo vimepita elfu tisa, na wengi wa waanzilishi wake walijifunzia kazi jikoni mwao. Uingereza nako, mwaka 1971, watu wanne waliokerwa na bia za mapipa ya gesi waliunda chama cha kutetea bia ya kale iumukayo ndani ya pipa lake, na chama hicho kingali hai. Kwa hiyo mtindo unaoigwa leo ulizaliwa pale watu walipoipa heshima pombe ya nyumbani na kuitetea. Mwigaji amelichukua tawi na kuacha shina. Amenunua matunda ya uhuru wa jiko la mwingine, huku akilidharau jiko lake mwenyewe.

Dharau hii haikuota yenyewe, ilipandwa. Zamani za ukoloni sheria zilimzuia Mwafrika asinunue pombe ya Kizungu, na bia ya chupa ilikuwa haki ya wenye rangi fulani. Mwafrika aliachiwa pombe ya kienyeji, nayo ikawekwa katika vilabu chini ya macho ya serikali, ambayo ilipata ushuru humo. Kizuizi kilipoondolewa, chupa ilipokewa kama cheti cha utu. Hayo yaeleweka, wala waliofurahia chupa siku zile hawalaumiwi, kwa kuwa walichokuwa wakinywa kilikuwa pia haki waliyonyimwa. Lakini uhuru ulipatikana mwaka 1961, na hoja ile imekwisha kazi yake. Kilichobaki ni maneno mawili yanayowagawa watu mpaka leo: pa chupa pakaitwa baa, na pa mtungi pakaitwa kilabu, anayekwenda baa ni bwana, na anayekwenda kilabuni ni mlevi, ijapokuwa wa kwanza amerudi kwake akipepesuka na wa pili ametulia.

Yako mashaka ya kweli, nayo hayapasi kufichwa. Yasemwa kuwa pombe ya mtungi si safi. Kwa mahali pengi ni kweli: maji hayakuchemshwa, chombo hakikuoshwa vizuri, na kata moja hupita vinywa vingi. Yasemwa kuwa nguvu yake haijulikani, na kuwa haidumu, bali baada ya siku chache hugeuka siki. Hayo nayo ni kweli. Yasemwa tena kuwa katika kivuli chake hujificha gongo, ambayo huweza kuua au kupofusha. Hapa lazima pawe na upambanuzi: gongo ni pombe iliyokenekwa kwa moto, na kuikeneka kwa siri ni kosa la jinai, pombe ya ndizi huumuka tu, na kuichanganya na gongo katika hukumu moja ni kumfunga ndugu kwa wizi wa ndugu. Na juu ya yote, kileo ni kileo. Wataalamu wa afya wa Umoja wa Mataifa walitangaza mwaka 2023 kuwa hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kabisa, na tangazo hilo halikubagua chupa wala mtungi.

Lakini uchafu ni ugonjwa wenye dawa, na dawa yake ni maji safi, mafunzo na ukaguzi. Mkate ukiokwa katika jiko chafu, mwokaji huamriwa kulisafisha. Hapana anayeamuru watu waache mkate. Na kwamba ndizi na mtama huweza kufikia usafi wa kiwandani, ushahidi upo. Arusha, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitia kinywaji cha ndizi katika chupa tangu miaka ya 1990. Uganda, mwaka 2002, Nile Breweries ilitoa bia ya Eagle iliyopikwa kwa mtama wa wakulima wa huko, na soko likaipokea. Mambo haya yalifanywa na watu walioamini kwanza kuwa zao la nyumbani lastahili kazi nzuri.

Ipo pia hesabu ya mfuko. Bia ya kiwandani ifikayo Kigoma toka Dar es Salaam hukata safari ya kilomita zipatazo 1,250, kisha kreti na chupa tupu hurudi kwa njia ile ile. Ndani yake mna hopsi iliyonunuliwa ng'ambo, maana mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi ambazo nchi za ikweta hazinazo. Na kadiri bia inavyozidi hopsi ndivyo inavyozidi fedha za kigeni. Kampuni ya Tanzania Breweries yenyewe, tangu mwaka 2016, imo katika kundi la AB InBev lenye makao Ubelgiji. Hapana dhambi katika biashara hiyo. Inalipa kodi, inaajiri watu na kununua shayiri ya wakulima wa kaskazini. Walakini senti ya mnywaji wa Rusimbi inayotolewa kwa chupa huanza safari ndefu, na ile inayotolewa kwa mtungi hulala papo hapo: kwa mwenye mgomba wa Buhigwe, kwa mchukuzi aliyezileta ndizi, na kwa mama aliyekesha na hori lake, ambaye kwa pombe hiyo hununua madaftari ya shule. Apendaye kusema juu ya maendeleo ya mkoa asilione jambo hili kuwa dogo.

Linalotakiwa si kufunga baa wala kuwalazimisha watu kuacha laga. Linalotakiwa ni nafasi. Mwenye baa anayepanga chupa za nchi tano juu ya rafu zake aweze pia kuweka pombe ya ndizi, iliyopikwa kwa maji yaliyochemshwa, katika chombo kilichofunikwa, ikiuzwa siku yake na kwa jina la mpishi wake. Halmashauri, ambayo haichoki kutoza ushuru vilabuni, irudishe sehemu ya ushuru huo kwa bomba la maji, sakafu ya saruji na mafunzo ya upishi. Wapishi wajiunge katika ushirika ili wapimiwe nguvu ya pombe yao, kwa maana mnywaji ana haki ya kujua anachomeza. Na wanaosafiri, wakirudi na habari za mapipa madogo ya ng'ambo, wawapelekee wapishi hao maarifa ya usafi na ya kuhifadhi badala ya kuwapelekea kejeli.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Laga ilikuja kama msala upitao, ikakaa, na sasa watu huililia kana kwamba ni mbacha wa nyumba. Bia ya hopsi nayo itakuja, na baada ya miaka hamsini watu wataililia vivyo hivyo mbele ya jambo jipya zaidi. Mbacha wenyewe umekunjwa pembeni, na waliousuka wangali hai. Mnywaji wa Rusimbi atakayeuliza tena ni lini bia za pipa dogo zitafika, na aelekezwe njia ya kilabuni, aulize jina la mpishi, akalipe bei ya haki.