Kuhifadhi si Kukarabati: Kauli Kuhusu Ndege Kongwe

Tarehe 27 Aprili 1942, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu, Halifax nambari W1048, ilipigwa ilipokuwa ikiishambulia meli ya kivita ya Ujerumani, Tirpitz, nchini Norwei. Rubani aliitua juu ya barafu ya Ziwa Hoklingen. Barafu ilipoyeyuka, ndege ikazama. Iliopolewa mwaka 1973, ikapelekwa katika jumba la makumbusho la Kikosi cha Anga cha Uingereza, Hendon, London. Huko haikupakwa rangi ikameremeta. Kwa sehemu kubwa iliachwa kama ilivyotoka majini: bati limeliwa, mbavu zi wazi.

Linganisha na Spitfire nambari N3200. Hii iliangushwa tarehe 26 Mei 1940, ikatua kwa tumbo katika ufuo wa Sangatte, Ufaransa, mchanga ukaimeza. Ilitolewa mwaka 1986. Mwaka 2014 iliruka tena, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa Imperial War Museum, Duxford. Ni ndege ya kupendeza mno. Hata hivyo, alumini iliyolala ndani ya chumvi kwa miaka 46 haiwezi kuaminiwa angani, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili wake imeundwa upya.

Sisi wenye Kiswahili aghalabu huzifunika kazi hizi mbili kwa neno moja: kukarabati. Hapo ndipo penye mgogoro wangu. Kuhifadhi ni kuuzuia uharibifu usiendelee, pasi na kuyafuta yale ambayo wakati umeyaandika juu ya kitu. Kukarabati ni kukirudisha kitu katika hali yake ya awali, na kila ukirudishapo hapana budi uondoe jambo fulani. Iwapo kilichosalia cha asili ni kidogo, basi na tuseme wazi kuwa kimeundwa upya. Najua wapenzi wa Spitfire hawatanishukuru kwa kauli hii, maana mngurumo wa injini ya Merlin una wafuasi wake, nami siwalaumu. Ninachodai ni kwamba jina la kazi liwe la kweli.

Wanaounda ndege ndogo za plastiki wanaelewa hili kuliko wengi wetu. Kampuni ya Airfix ilitoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, kwa kipimo cha 1 kwa 72, hata mabawa ya mita 11 na ushei yakawa takriban sentimita 16. Muundaji stadi akishaunganisha vipande huanza kuichakaza ndege yake mpya kwa brashi: masizi nyuma ya mabomba ya moshi, madoa ya mafuta, rangi iliyobanduka mahali rubani alipokanyaga. Yeye anakiongezea kitu kipya uzee, ilhali karakana ya ukarabati inakivua kitu kizee uzee wake. Na muundaji huyo atayapata wapi madoa ya kuiga ikiwa kila ndege jumbani imepakwa rangi upya?

Dhambi hii hata sisi wa fasihi tunaijua. Mhariri aupatapo mswada wa utendi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, akasawazisha mizani iliyopungua, akabadilisha Kiamu kuwa Kiswahili sanifu, kisha akauita mswada "uliohifadhiwa", amefanya kazi ya karakana. Huenda kazi yenyewe ni nzuri na yenye manufaa darasani. Lakini msomaji ana haki ya kujua ubeti upi ulitoka ziwani.

Nitapingwa kwa mfano wa ndege ya ndugu Wright, iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 na ambayo sasa ni mali ya Smithsonian, Washington. Hiyo ilivunjwa na upepo siku ileile, ikazamishwa na mafuriko ya mwaka 1913, ikavishwa kitambaa kipya mwaka 1927 na kingine tena mwaka 1985. Je, si ile ile? Nakubali kuwa ni ile ile, kwa sababu kila badiliko limeandikwa na tarehe yake inajulikana. Kitambaa cha kwanza nacho hakikutupwa. Mnamo Julai 1969 Neil Armstrong alikichukua kipande chake hadi mwezini.