Dawa ni Amana: Kwa Binti Aendaye Kitui

Juma lililopita alitujia mzazi mmoja wa mtaani petu, uso umechanganya furaha na hofu. Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo cha mafunzo ya utabibu, kampasi ya Kitui. Umbali haukumtisha, Wakamba na watu wa pwani wamejuana tangu enzi za misafara. Lililomkosesha usingizi ni jingine. "Atakabidhiwa sindano na dawa za watu," alituambia. "Akikosea je?" Swali hili ni zito, nasi tumeona tulijibu hapa, kwani linatuhusu sote tunaouguliwa.

Kaunti ya Kitui ni pana, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta huko wakazi wapatao milioni 1.1. Jirani yake Makueni ilikaribia milioni moja. Makueni ndiyo iliyoanzisha, mwaka 2016, mpango wa MakueniCare, ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Mlango wa hospitali ukifunguka, mzigo wa kwanza humwangukia muuguzi. Katika zahanati za mashambani mara nyingi ni yeye apimaye, atoaye dawa na aandikaye, wala hakuna mwenzake wa kumwambia, "Hebu tazama tena."

Kwa hiyo wauguzi hufundishwa kujiuliza mambo matano kabla ya kila dozi: mgonjwa ndiye? Dawa ndiyo? Kipimo ndicho? Njia ndiyo? Wakati ndio? Kisha la sita, kuandika papo hapo kilichotolewa. Yasikike mepesi, lakini kila moja limewahi kugharimu uhai. Jina peke yake halitoshi: kama wodi ya pwani inavyoweza kuwa na Fatma watatu, ya Ukambani yaweza kuwa na Mwende watatu. Muuguzi hodari hamwulizi mgonjwa, "Wewe ndiwe Mwende?", maana mwenye homa huitikia lolote. Humwambia, "Nitajie jina lako kamili," kisha hulilinganisha na kadi na nambari yake. Na njia? Penisilini ya benzathini, ile nyeupe kama maziwa, hudungwa kwenye nyama ya paja au tako. Ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kuusimamisha moyo.

La kipimo tulijionea wenyewe, tulipokwenda kuwatembelea wakwe zetu Makueni. Mtoto wa kilo 8 alishikwa na homa usiku. Mama yake alikuwa na chupa ndogo ya parasetamoli ya matone, akachukua kijiko cha mililita 5 kwa mazoea ya dawa ya maji ya kawaida. Jirani, muuguzi mstaafu, akamzuia kwa upole: "Mama, nisomee kwanza kilichoandikwa kwenye chupa." Dawa ya maji waliyoizoea ilikuwa na miligramu 120 katika mililita 5, ya matone ilikuwa na miligramu 100 katika kila mililita moja. Kijiko kile kingebeba miligramu 500, ilhali mtoto wa uzito ule hupewa baina ya 80 na 120. Jina la dawa lilikuwa lile lile, nguvu yake siyo. Tulitoka jasho.

Liko pia la joto, ambalo watu wa bara kavu na sisi wa pwani tunalishiriki. Oksitosini, sindano inayozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiachwa mezani kwenye joto siku nyingi hupungua nguvu, na macho hayawezi kujua, kwani maji yake hubaki meupe vile vile. Muuguzi anayekagua jokofu asubuhi na jioni na kuandika nyuzi zake anaokoa mama ambaye bado hajafika.

Sasa tuseme lililo letu. Muuguzi hawezi kutenda haki kwa habari nusu. Wapo wagonjwa wa kisukari na presha ambao Ramadhani hujipunguzia vidonge kimyakimya, wakienda kliniki hunyamaza. Muuguzi huona sukari imepanda, daktari hudhani dozi haitoshi, naye huongeza. Mgonjwa akija kumeza dozi ile yote, sukari huporomoka, na akaweza kuzimia. Tuseme kweli, na tuseme mapema: yapo mashauri ya kupanga dawa za futari na daku, na wapo ambao afya yao haiwaruhusu kufunga. Tutaje pia dawa za mitishamba tunazotumia, na dawa iliyowahi kututoa vipele au kututia kikohozi cha kubana. Na tukichukua vidonge vya jirani kwa sababu "vilimsaidia," tujue tumeyaruka maswali yote matano kwa mpigo.

Tukamjibu mzazi yule hivi: binti yako huenda akakosea, kwani ni mwanadamu. Mfundishe tangu nyumbani kusema, "Nimekosea," siku ile ile, kwa sababu kosa la dawa likitajwa mapema aghalabu huwa na tiba, na likifichwa humla mgonjwa. Nasi wazee tusimfokee muuguzi anayetuuliza jina mara ya tatu. Hajatusahau, analinda amana aliyokabidhiwa.

Mwenyezi Mungu amfikishe salama, awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.