Kitabu cha Wizi na Mwanafunzi Asiye na Kitabu

Muhula uliopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja ya kutwa karibu na Kiminini, kando ya ile barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Mada ilikuwa tamthilia ya Bembea ya Maisha, yake Timothy Arege. Nilipouliza ni nani aliyekuja na kitabu, mikono 9 iliinuliwa darasani mlimokuwa na wanafunzi 42. Mwalimu wao aliniambia kwa sauti ya chini kwamba waliosalia huisoma jioni katika simu za wazazi wao.

Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba tulipofika kwenye onyesho fulani, msichana mmoja aliyekuwa akijibu kwa ufasaha tangu mwanzo alinyamaza ghafla. Wenzake pia walinyamaza, isipokuwa wale 9. Kumbe nakala waliyokuwa wakigawana ilikuwa imeruka kurasa nne nzima! Mtu asiyejulikana alikipiga kitabu picha, ukurasa baada ya ukurasa, kidole gumba chake kikionekana pembeni, na katika harara zake akafunua kurasa mbili kwa pamoja mara mbili. Kosa hilo likawa ndilo andiko rasmi la darasa zima.

Yafaa tuulize nakala hiyo ilifikaje pale, maana wengi wanaolaani uharamia wa vitabu hudhani kwamba ni tunda la wingi wa intaneti. Kiminini mambo ni kinyume. Niliambiwa kuwa kijana mmoja mwenye kununua bando huipakua faili kutoka kundi la Telegram. Kisha huwapa wengine kwa Bluetooth au kwa kadi ya simu, na hao nao huwapa wengine, bila hata mmoja wao kutumia senti ya data. Kwa hiyo watu 40 husoma kwa intaneti ya mtu mmoja. Uharamia huu, kwa kiasi kikubwa, ni njia ya kuukwepa ukosefu wa intaneti.

Waya wa TEAMS ulipofika Mombasa chini ya bahari mwaka 2009, tuliahidiwa kwamba mwanafunzi wa kijijini angekuwa sawa na wa jijini. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 ilibainisha kuwa waliotumia intaneti nchini walikuwa asilimia 22.6 tu ya watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi, na waliotumia tarakilishi asilimia 10.4. Kisha Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya Korona, na masomo yakahamishiwa redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Ndipo tulipoona bayana ni akina nani waliokuwa na mtandao, na ni akina nani waliokwenda kupalilia mahindi hadi Januari 2021. Hali imebadilika tangu hapo, nakiri, simu zimeongezeka. Lakini simu moja ya mama, inayotumiwa pia kupokea pesa na kupiga kwa wateja, si maktaba.

Hata hivyo, sitaki kumvika mwizi joho la mtakatifu. Ardhi hii ndiyo iliyomlea Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma akakulia Trans Nzoia, na ambaye katika Siku Njema ya mwaka 1996 alimtoa shujaa wake Tanga akamfikisha hadi Kitale. Walibora alifariki Aprili 2020. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki katika kazi ya mwandishi hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, yaani, kwake yeye, hadi mwisho wa 2070. Kila nakala ya riwaya yake inayopitishwa kwa siri haimpunjii marehemu. Inawapunja warithi wake. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika mwongozo mdogo wa ushairi. Nilikutana nao mtandaoni, jina langu limefutwa na la mtu mwingine limewekwa mahali pake. Niliumia zaidi kwa jina kuliko kwa fedha, ingawa fedha nazo nilizihitaji.

Lakini Serikali imefanya nini? Mwaka 2018 ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, jambo jema lililopunguza mzigo wa wazazi. Mapema zaidi, hata hivyo, Sheria ya VAT ya 2013 ilitoza vitabu kodi ya asilimia 16, kana kwamba riwaya ni anasa sawa na manukato. Na wakati wa mitihani ya KCSE mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza Telegram izimwe ili kuzuia udanganyifu. Wadanganyifu walizuiwa kwa kiasi gani, sina hakika. Ninachojua ni kwamba waliokuwa wakitumia makundi hayo kwa marudio ya halali walizimiwa taa usiku wa kuamkia mtihani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Hasara nyingine huonekana baadaye. Mjini Kitale nilimkuta kijana aliyejifunza uchoraji wa majengo kwa programu ya AutoCAD iliyovunjwa kufuli. Mkono wake ni stadi kweli. Alipotafuta kazi, mwajiri alitaka michoro itoke katika programu yenye leseni, naye hakuwa nayo. Hakuna aliyemwambia alipokuwa chuoni kwamba kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi programu hiyo bila malipo. Vivyo hivyo, ni walimu wangapi wajuao kwamba African Storybook, mradi ulioanza 2014, hutoa hadithi za watoto kwa Kiswahili na hata kwa Lubukusu, na kwamba ni ruhusa kabisa kuzinakili na kuzichapa? Halali ya bure ipo, ila haina kijana wa kuizungusha kwa Bluetooth.

Kuhusu vitabu teule vya fasihi, naona njia moja iliyo wazi. Wizara inunue mara moja haki ya kuvisoma kwa njia ya kidijitali kwa muda vinapotahiniwa, iwalipe waandishi na wachapishaji, kisha iweke faili safi, kamili, katika kila shule, isiyohitaji data kufunguliwa. Wazo la kulipia unakilishaji si geni kwetu. KOPIKEN iliundwa kwa kazi hiyo hiyo. Wachapishaji watalalamika kwamba mauzo yatashuka. Nawauliza: yale mauzo ya wanafunzi 33 wa Kiminini yako wapi sasa?

Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti na kwa usomaji wa binafsi. Hairuhusu kunakilia darasa zima. Nalijua hilo vyema. Siku ile, baada ya kipindi, mwalimu aliniomba kitabu changu, tukaenda pamoja kwenye kibanda cha fotokopi sokoni, zikatolewa nakala 33 za zile kurasa nne. Nililipa mimi.