Tusiihukumu Injini kwa Kelele Yake

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili niseme neno juu ya motokaa ya shule, ile nyeupe, ambayo wanafunzi wa zamani mliandikiwa barua kwa ajili yake muhula uliopita. Mliombwa mchango wa kununua injini nyingine. Injini hiyo haikununuliwa, wala haikuhitajiwa, na kosa la barua ile kwa sehemu kubwa ni langu mimi.

Wengi wenu hamjaiona motokaa hii. Ni gari dogo la Kijapani, la silinda nne na gia za otomatiki, lililotengenezwa mwaka 1996 na kuendeshwa na watu tusiowajua kabla ya kufika kwetu hapa Uganda. Ndilo linalotuletea unga na chaki, na ndilo linalopeleka wagonjwa Mbale usiku. Mwezi wa Machi likaanza kugonga. Mlio wake ulikuwa ko-ko-ko, mzito, kama mtu apigaye hodi kwa kifundo cha kidole juu ya mlango wa mbao, nao ulizidi gari likiwa limesimama na injini ikizunguka polepole. Fundi wa gereji moja ya mjini alisikiliza kitambo kidogo tu, akasema beringi za konrodi zimekwisha, injini imekufa, na nyingine iliyotumika italetwa kutoka Kampala kwa shilingi 2,500,000. Basi gari likafunikwa turubai. Katika wiki tatu lilizolala hapo, mwenzetu wa kidato cha pili alishikwa na malaria kali, akapelekwa hospitali kwa bodaboda usiku wa mvua, amebanwa katikati ya watu wawili asije akaanguka. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kila nikimwona kwenye foleni ya chakula naikumbuka taarifa niliyoandika.

Ilikuwa hivi. Bwana Mweka Hazina alitaka taarifa ya Kiingereza ili aambatanishe na ombi la fedha. Dreva wetu ni mzee aliyekuwa akiendesha magari kabla baba yangu hajaoa, ila Kiingereza hakukisoma. Nikatumwa mimi nikamsikilize na kuyaandika maneno yake. Akaniambia, “Mwanangu, andika kwamba gari linagonga. Andika tena kwamba halikugonga hata siku moja mpaka giaboksi iliposhushwa kule gereji, ilipozibwa mahali palipokuwa pakivuja mafuta. Na uandike kwamba nikikanyaga breki nikatia gia, mlio hubadilika.” Nikamwitikia, “Ndiyo, Mzee,” nikaandika neno la kwanza, na yale mawili nikayaacha. Sikuyaacha kwa kusahau. Fundi alikwisha kuupa ugonjwa jina, jina lenyewe nililikuta katika kitabu, nami nikaona la fundi ni sayansi na ya dreva ni masimulizi.

Sasa natoa maoni yangu. Nasema hakuna mtu, awe fundi au mwanafunzi wa fizikia, mwenye haki ya kuihukumu injini kwa mlio peke yake, na kwa gari lililotumika jambo hili ni kubwa maradufu. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, na majirani zetu wa Kenya wao waliweka miaka 8. Hata hivyo gari la miaka 10 lina mambo mengi lisiyoweza kutusimulia. Hatujui nani alilikosea mafuta, nani alifungua nini akarudisha nusu ya bolti. Kitabu pekee cha maisha yake ni yule anayeliendesha kila siku, na kitabu hicho mimi nilikifunga.

Aliyekifungua tena ni mwalimu wetu wa fizikia. Tulikuwa tukisoma injini ya mapigo manne, akatupeleka chini ya turubai tukasikie kwa masikio yetu. Katika injini ya namna hii krenki huzunguka mara mbili wakati mhimili wa valvu unapozunguka mara moja. Injini ikienda polepole, mizunguko 800 kwa dakika, krenki hupita kama mara 13 kwa sekunde, na valvu zote huwa zimefunguka na kufungwa mara 7 hivi. Kwa hiyo tapeti iliyolegea hulia nyepesi na kwa nusu ya mwendo wa krenki. Wetu ulikuwa mzito na wa haraka, umetoka chini. Hapo lazima nimtendee haki yule fundi, kwa maana hata sisi tulidhani amesema kweli.

Mwalimu akatuuliza, “Je, dreva anasemaje?” Nikanyamaza. Dreva alikuwa amesimama pale pale, akayarudia maneno yake yote matatu bila kunitazama. Afadhali angenitazama.

Tukaanza upya. Tulipima mafuta ya injini, yakawa kwenye alama yake. Tukayamwaga katika karai na kuyachuja kwa kitambaa cheupe, tusione hata chembe ya chuma inayong'aa, ambayo beringi iliyosagika aghalabu huiacha. Tulipotia mafuta mapya, mwalimu akavaa glavu nene za mpira, akashika koleo lenye mipini ya mpira (umeme wa plagi si wa kuchezewa), akakata moto wa silinda moja moja. Beringi ya konrodi ikiwa ndiyo mbovu, ukikata moto wa silinda yake mlio hupungua au hugeuka, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Tulikata ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Injini ilitetemeka kila mara, lakini ko-ko-ko ilibaki vile vile. Tukavua mkanda wa mbele, tukawasha kwa muda usiofika dakika moja ili kuziondoa alteneta na pampu katika shauri hili. Bado. Ndipo kila mmoja akapewa bisibisi ndefu, ncha juu ya chuma cha injini na mpini sikioni, nywele na mikono mbali na vyombo vinavyozunguka. Mbele mlio ulikuwa hafifu. Kadiri tulivyorudi nyuma ulikua, na pale injini inapoungana na giaboksi ulinipiga sikioni hata nikaruka. Dreva akakanyaga breki akatia gia, na mlio ukabadilika, kama alivyosema mwezi wa Machi.

Mliosoma mambo haya mmekwisha kufahamu. Nyuma ya krenki pana sahani nyembamba ya chuma, nayo hufungwa kwa bolti kwenye chombo cha mafuta kinachopeleka nguvu katika gia, ambacho mafundi hukiita konveta. Giaboksi ikishushwa, bolti hizo lazima zifunguliwe. Tulizima injini, tukatoa waya wa betri, tukafungua kifuniko kidogo cha chini, tukazungusha krenki kwa spana hatua kwa hatua. Bolti zilikuwa sita, na mbili nilizizungusha kwa vidole vyangu. Tulitazama sahani kama ina ufa, hatukuona. Tukasafisha bolti zote, tukatia gundi ya nyuzi na kuzikaza kwa spana ya kipimo. Gharama ilikuwa ile gundi, mafuta mapya, na Jumamosi moja.

Mtu asije akachukua maneno yangu kuwa ruhusa ya kuendesha gari linalogonga. Kama beringi kweli zimekwisha, konrodi yaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini. Zima, livute, halafu ndipo uchunguze. Yetu ilistahili kusimama, ila haikustahili kuzikwa.

Wako wenzangu wa kidato cha sita wasemao kwamba sisi tunasoma ili tuingie Makerere, hatusomi ili tulale chini ya magari. Kwangu hoja hii ni nyepesi. Sheria ya mizunguko miwili kwa mmoja niliijua vizuri kabla ya Machi, wala haikunisaidia kitu, kwa kuwa sikuwahi kuweka sikio langu juu ya injini, na mwenye sikio nilimdharau. Naomba Mwalimu Mkuu aruhusu wanafunzi wa sayansi kwenda kwenye banda la gari Jumamosi moja kila mwezi, na dreva awe ndiye mwalimu wetu huko.

Liko na jambo la fedha. Nasikia baadhi ya walimu wanataka mchango uliokwisha kufika utumike kwa ua wa uwanja wa mpira. Ua tunauhitaji. Lakini barua ilisema injini, na waliotoa walitoa kwa ajili ya injini. Wangeandikiwa kwanza, waelezwe yaliyotokea, kisha waseme wenyewe kama warudishiwe au la. Barua hiyo niko tayari kuisaidia kuiandika, na jina langu liwemo.

Motokaa inakwenda Mbale tena. Juzi dreva alinifuata bwenini, akaniambia gurudumu la mbele la kushoto linanguruma gari likikata kona kwenda kulia, likikata kushoto linanyamaza. Nimeyaandika kama alivyoyasema, kisha nikamsomea mara mbili kabla ya kuyapeleka ofisini.