Valini Moja Ndani ya Damu

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu husikia mengi mtaani: mara karogwa, mara mama ana mkosi. Kisa chenyewe kimo ndani ya damu.

Himoglobini, protini ibebayo oksijeni, ina minyororo minne ya asidi amino. Mwaka 1957, huko Cambridge, Uingereza, Vernon Ingram alibaini kwamba katika himoglobini ya wagonjwa hawa glutamati imeachia nafasi yake kwa valini. Ni ya sita katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146. Moja tu! Lakini glutamati hupenda maji, valini huyakimbia. Wachunguzi wa baadaye, kwa kutumia eksirei, waliona inakokimbilia: himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hujichomeka katika kishimo cha molekuli jirani, baina ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Molekuli hushikamana zikawa nyuzi ngumu, chembe nyekundu ikapinda kama mundu na kuziba vijishipa. Ndipo mtoto hulia mifupa.

Mtoto huugua hivyo akiirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mawifi wanaomnyooshea mama peke yake kidole waelezwe. Mtoto naye anyweshwe maji ya kutosha, na akishikwa na homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.